Ukuta wa nje wa kibanda cha barafuni: anza na uzito

Kama ndiyo kwanza unajenga kibanda chako cha kuvulia samaki juu ya barafu, nenda duka la mbao ukiwa na mtu wa pili. Shikeni shiti moja ya T1-11, ile plaiwudi ya nje yenye mifereji inayopendwa sana hapa Minnesota, Marekani, muinyanyue hadi kifuani. Ni kama kilo 25. Kisha nyanyueni shiti ya alumini ya ukubwa uleule, futi 4 kwa 8, unene wa inchi 0.030. Ni kilo 6 tu. Kibanda cha futi 8 kwa 12 chenye kuta za futi sita na nusu kinakula shiti 8 hivi. Piga hesabu: kilo 200 za T1-11 au kilo 50 za alumini, na hapo hujaweka fremu, sakafu, hita wala watu.

Nasisitiza uzito kwa sababu mimi sikuujali. Nimekulia Kisumu, na kwangu ukuta imara ulikuwa ukuta mzito. Kibanda changu cha kwanza nilikivika T1-11 pande zote nikakivuta hadi ziwa Mille Lacs mwezi wa Januari. Miezi miwili kilikaa vizuri kabisa. Shida ilikuja wakati wa kukitoa. Sheria ya jimbo hili inataka vibanda viwe vimeondolewa ziwani kufikia Jumatatu ya kwanza ya Machi kwa upande wa kusini, na Jumatatu ya tatu kwa kaskazini. Kufikia siku hizo jua la mchana huyeyusha theluji iliyokizunguka kibanda, maji yanaingia chini yake, usiku yanaganda. Tulikuwa wanaume wanne na mitaimbo, tangu asubuhi hadi giza linaingia. Kilipobanduka nikaona ukuta wenyewe: upana wa kiganja kutoka chini, plaiwudi ilikuwa imevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, tabaka zimeachana, rangi inatoka na kucha.

Kwa hiyo jambo la kuelewa kabla ya kulinganisha bei ni hili: ukuta wa nje haukupi joto. Kazi yake ni kuzuia upepo na maji, basi. Joto linatunzwa na bodi za povu gumu unazopanga katikati ya fremu, na hata inchi moja na nusu ya povu lililobana vizuri inakutosha kukaa na shati wakati nje ni nyuzi 25 chini ya sifuri. Ukishaelewa hivyo, huna sababu ya kuburuta mbao nene juu ya ziwa.

Maji nayo hayatoki nje peke yake. Hili linawapita wengi. Kila kilo moja ya gesi ya propani inapoungua hutoa maji zaidi ya kilo moja na nusu, na kama hita yako haina bomba la kutolea moshi nje, mvuke wote huo unabaki ndani pamoja na pumzi zenu. Unapenya kwenye nyufa, unagusa mgongo wa bati baridi, unaganda. Siku ya joto barafu hiyo inayeyuka na kuteremka hadi kwenye mbao za fremu, na zinaoza bila wewe kuona. Dawa yake ni nailoni nzito upande wa ndani, juu ya povu, iliyozibwa kwa tepu kila inapoungana. Na acha tundu la hewa chini na jingine juu, pamoja na king'ora cha gesi ya kaboni monoksaidi. Hapo tafadhali usibane matumizi. Gesi hiyo haina harufu, na wavuvi wamekufa usingizini kwa ajili yake.

Mimi sasa natumia alumini. Bei yake inauma, lakini haiozi, haifyonzi maji, na gari la kawaida linaivuta. Usiifunge moja kwa moja kwenye mbao zilizotiwa dawa: dawa za siku hizi zina shaba, na shaba ikikutana na alumini penye unyevu, alumini inaliwa matundu. Weka utepe wa mpira au lami katikati, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Matundu ya skrubu yawe mapana kidogo kuliko skrubu zenyewe, kwa sababu shiti ya futi 12 hurefuka na kufupika karibu milimita 6 kati ya kiangazi na baridi kali. Ukiibana sana itajikunja na kugonga usiku kucha.

Bati la kawaida la geji 29 ndilo ningemshauri mwenye pesa kidogo. Wale tuliozoea kuchagua kati ya geji 28, 30 na 32 huko nyumbani tunalijua vizuri. Eneo la shiti moja lina kama kilo 10. Paka rangi kila ulipokata, maana kutu huanzia pale, na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huiharakisha. Vinili, yaani plastiki ya kuvika kuta, mimi siitaki: kwenye baridi kali inakatika kama biskuti ikigongwa, na mtikisiko wa barabara kuu huilegeza. OSB tupu, ile bodi ya vipande vya mbao vilivyogandamizwa kwa gundi, usiifikirie kabisa.

Lolote utakalochagua, likomee inchi moja juu ya ukingo wa chini wa fremu, na kibanda kikifika ziwani kiinue juu ya vipande vya mbao ili kisishikane na barafu. Kibanda kinacholala ziwani lazima kiwe na viakisi mwanga pande zote, na jina na anwani au namba yako ya leseni kwa herufi zisizopungua inchi 2. Zangu nimeziweka juu, karibu na paa, kwa sababu kufikia Februari theluji huwa imefika kwenye kitasa cha mlango.