Kesi Yangu Imekufa Bila Kusikilizwa

SWALI: Wakili, habari za kazi. Agosti 2022 nilimpa mfanyabiashara gunia 300 za mahindi, thamani yake shilingi milioni 27, alipe kufikia mwisho wa Septemba. Hakulipa. Nikamshtaki, akaleta utetezi, kisha kimya. Juzi karani ameniambia kesi ilikwisha kufa. Je, si afadhali mahakama ingetukalisha mezani kuliko kuifuta? (Msomaji, Arua)

JIBU: Pole sana, ndugu. Kesi yako imeuawa na kalenda. Tangu kanuni za madai za Uganda ziliporekebishwa mwaka 2019, Amri ya 11A inamtaka mdai achukue wito wa maelekezo, yaani hati ya kuziita pande zote mbele ya mahakama ipange jinsi kesi itakavyoendeshwa, ndani ya siku 28 baada ya jibu la mwisho kuwasilishwa. Asipouchukua, kesi inakoma yenyewe, na mara nyingi mwenyewe huwa wa mwisho kujua.

Hesabu inakwenda hivi: mdaiwa akishapokea wito wa kujitetea ana siku 15 za kuleta utetezi, wewe una siku 15 za kuujibu, kisha zile 28 zinaanza. Wengi hukwama hata kabla ya hapo, kwa sababu wito huo wa kujitetea lazima umfikie mdaiwa ndani ya siku 21 tangu ulipotolewa. Zikipita, una siku 15 tu za kuomba nyongeza, tena kwa sababu za kuridhisha.

Kwanza nenda ukalikague jalada. Tazama muhuri wa tarehe kwenye jibu la mwisho, kisha tafuta kama wito wa maelekezo uliwasilishwa. Karani naye hukosea. Kama kweli haumo, sheria inakuruhusu kufungua kesi mpya na kulipa ada upya, mradi ukomo wa muda haujapita. Deni la mkataba ni miaka 6. Lako lilianza kuhesabiwa mwisho wa Septemba 2022, kwa hiyo mlango unafungwa mwisho wa Septemba 2028, na muda uliopotea katika kesi ya kwanza haurudishwi. Usingoje mwezi wa mwisho.

Sasa hilo la kukaa mezani. Kanuni za upatanishi za mwaka 2013 tayari zinataka kila kesi ya madai ipelekwe kwa mpatanishi kabla ya kusikilizwa. Kwa deni kama lako, mimi nachagua upatanishi bila kusita. Hati ya kupokea mzigo ipo, sahihi ipo. Mnachobishania ni lini na kwa awamu ngapi. Kuifuta kesi ya namna hii kunampa nafuu anayedaiwa, na deni linabaki palepale. Lakini mtu anayefungua kesi ili apate zuio juu ya kiwanja cha jirani, kisha analala, huyo kesi yake ife. Jirani hajengi, hauzi, hakopi.

Mkipatana, andikeni kwa ukamilifu: awamu 9 za milioni 3, kila tarehe 5, kwa akaunti fulani, akikosa awamu moja, salio lote linadaiwa siku hiyo hiyo, gharama za kesi analipa nani. Makubaliano ya "atalipa akipata" hayatekelezeki. Yakisainiwa na kuwasilishwa mahakamani yana nguvu ya hukumu. Wakati huo huo, katika kesi mpya, wito wa maelekezo uchukue ndani ya siku zake. Usiutegemee upatanishi ukusimamishie kalenda.

SWALI: Kila tukiitwa kwa mpatanishi, kampuni ninayoidai humtuma kijana wa ofisi anayesema "nitamwuliza bosi". Naogopa pia nikipunguza deni pale, itatumika dhidi yangu kortini. (Msomaji, Jinja)

JIBU: Anayekuja lazima awe na mamlaka ya kupatana. Kikao kikianza tu, mwombe mpatanishi aandike kwamba aliyetumwa hana mamlaka hayo, na arudie kuandika kila inapotokea. Upande unaokwepa bila sababu nzuri unaweza kuamriwa kulipa gharama, na maandishi hayo ndiyo ushahidi wako. Muda nao una mpaka: siku 60, na nyongeza isiyozidi 10, baada ya hapo kesi irudi kwa hakimu isikilizwe. Kuhusu kupunguza deni, usiogope. Yanayosemwa katika upatanishi ni siri na hayapokelewi kama ushahidi. Tuseme unadai milioni 27: ukikubali 20 na wao wakakataa, mbele ya hakimu bado unadai 27 zako zote.