Sukari ya mama na ukubwa wa mtoto tumboni
Dada, umeuliza inakuwaje mtoto aonekane mkubwa kuliko umri wa mimba, ilhali chakula chako ni kilekile cha siku zote. Mara nyingi jibu huanzia kwenye kondo la nyuma, ambalo, kadiri mimba inavyokua, hutoa homoni zinazoufanya mwili wa mama usiitikie ipasavyo insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu), ili sukari ibaki kwenye damu na kumfikia mtoto. Hilo ni jambo la kawaida, si ugonjwa. Tatizo huja pale kongosho la mama linaposhindwa kuongeza insulini ya kutosha: sukari iliyozidi huvuka kondo, lakini insulini ya mama haivuki, hivyo kongosho changa la mtoto hulazimika kutengeneza yake kwa wingi, nayo humnenepesha, hasa mabegani na tumboni. Ndiyo maana sukari ya mtoto kama huyu huweza kushuka ghafla baada ya kitovu kukatwa. (Wazazi wenye maumbo makubwa nao huzaa watoto wakubwa bila sukari kuhusika.) Omba kipimo cha kunywa glukosi, ambacho kwa kawaida hufanywa kati ya wiki ya 24 na 28, na kama muda huo umepita, mweleze mkunga wako hivyo hivyo, wala usijinyime chakula kabla ya majibu.