Nenda alfajiri, injini ikiwa imepoa

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: kati ya Toyota RAV4 na Nissan X-Trail za mkononi, ipi inadumu? Mimi naishi Iringa, na safari zetu za Dar zinapita Kitonga, mlima usioficha udhaifu wa gari. Ningechukua RAV4 ya kizazi cha pili, ya 2000 hadi 2005.

Sababu kubwa ni gia boksi. X-Trail ya kizazi cha pili, T31, iliyoanza 2007, zile za otomatiki za petroli zilizotoka Japani zina boksi ya aina ya CVT. Humo hamna gia za kuhesabu, kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili. Uhai wa mkanda huo ni mafuta yake maalumu, yanayoitwa NS-2. Fundi akimimina ATF ya kawaida, yaani mafuta ya gia za otomatiki zisizo CVT, ambayo ndiyo rahisi kupatikana madukani, mkanda unateleza na kujikwangua mpaka boksi inakufa. Kwa hiyo kabla ya kuongea bei, muulize mwenye gari mafuta ya gia yalibadilishwa lini, na ni yapi. Akibabaika, ondoka. T30, ile ya kizazi cha kwanza, ina otomatiki ya gia nne na huvumilia zaidi.

RAV4 nayo ina lake. Nyingi za Japani zina injini ya D-4, inayopuliza petroli ndani ya silinda moja kwa moja. Valvu za kuingiza hewa hazioshwi na petroli, masizi yanaganda, gari linatetemeka kwenye foleni. Hilo husafishwa. Ya kuogopa ni injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4, hasa kwenye RAV4 za kizazi cha tatu za 2006 hadi 2008, ikishaanza kula oili: hapo ni kufungua injini na kubadili pistoni na ringi.

Kilomita za dashibodi zilinganishe na cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani, maana zimeandikwa humo.

Mwaka jana nilimsindikiza mdogo wangu Morogoro kuangalia gari la namna hii. Tulifika saa mbili asubuhi, nikagusa boneti, ya moto. Mwenyewe akasema alilisogeza kidogo tu. Tukaomba lilale, tukarudi kesho yake saa kumi na mbili alfajiri, injini imepoa. Lilipowashwa, moshi wa bluu, dalili ya injini kula oili, ukajaa ua mzima. Akiba ya mdogo wangu ya miaka minne ilikuwa mfukoni mwake, na tukarudi nayo Iringa.