Ukoka unakauka na bili ya maji inapanda, nifanyeje?

Swali: Habari fundi. Naishi sehemu ya juu sana na kavu, mchana jua linachoma, usiku baridi mpaka mikono inakufa ganzi, upepo ndo usiseme. Mbele ya nyumba nina ukoka, maua na miti miwili midogo. Namwagilia kila jioni dakika kumi lakini ukoka umekuwa njano na bili inazidi kupanda. Jirani kanishauri ning'oe vyote, nitandike nailoni nimwage kokoto. Nikubali?

Jibu: Salama ndugu. Hiyo nailoni achana nayo kabisa. Inazuia maji na hewa kuingia chini, miti yako itasota, na kokoto tupu mbele ya nyumba zinashika joto mchana kutwa zinakurudishia ukutani na dirishani.

Shida yako naiona kwenye hizo dakika kumi za kila siku. Maji yanalowesha juu tu, mizizi nayo inabaki hapo hapo juu kwasababu ndo kwenye maji, kesho yake jua la huko na upepo vinakausha hiyo tabaka na mmea hauna pa kukimbilia. Chukua bisbisi ndefu, nusu saa baada ya kumwagilia ichomeke ardhini, ikigoma baada ya kidole kimoja ujue maji yameishia hapo. Unataka izame kama sentimita 15 bila kulazimisha.

Kwaiyo mwagilia mara chache ila kwa kina, na iwe alfajiri upepo ukiwa umetulia, sio jioni majani yalale na maji yaote ukungu. Udongo wako kama ni wa mfinyanzi maji yataanza kutiririka kabla hayajazama, basi fungulia dakika kumi, funga nusu saa udongo unywe, alafu fungulia tena. Zile siku ambazo usiku maji yanaganda, subiri mpaka jua litoke ardhi ilegee, na usiache kabisa kumwagilia miti eti kwasababu ni baridi, hewa kavu ya juu inainyonya mizizi hata miti ikiwa haina majani.

Ukoka punguza, bakiza pale watoto wanapochezea tu. Kwingine panda vitu vinavyovumilia kiu na baridi kama rozmari na lavenda, ila muhimu kuliko jina la mmea ni kupanga wenye kiu pamoja na wasio na kiu pamoja, maana bomba moja likihudumia wote lazima wengine wazame wengine wafe. Na mwaka wa kwanza hata hiyo migumu inahitaji maji, mizizi bado mifupi, hapa ndo watu wengi wanakata tamaa wanasema mimea ya ukame haifai.

Maua wekea dripu, yaani mpira wenye vitundu unaodondosha maji kidogo kidogo, juu yake tandaza vipande vya mbao au maganda ya miti unene wa sentimita 7 mpaka 10, usisogeze mpaka kwenye shina litaoza. Miti mwagilia pale kivuli cha matawi kinapoishia saa sita mchana, sio shinani.

Alafu kinga maji ya bati, kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, paa la mita za mraba 100 na mvua ya milimita 10 ni karibu lita 1000!

Anza na bisbisi leo, niandikie imezama kiasi gani na udongo ukoje, ndo nikupangie dakika.