Umeme ulipunguaje Marekani mwaka 2009 wakati watu hawakuzima friji?

Mdogo wangu, nimekuelewa: mwalimu amewapa kazi kuhusu mdororo wa uchumi wa Marekani, nawe huoni matumizi ya umeme yalishukaje mwaka 2009 ilhali majumbani taa ziliendelea kuwaka. Jibu liko kiwandani.

Anza kwa kutenganisha wateja. Mwaka ule mauzo yote ya umeme yalishuka kwa takriban asilimia 4. Ya viwandani yalishuka kwa karibu 9, ya majumbani hayakufika hata 2. Mimi ni fundi umeme wa kiwandani, na nimeona oda zikikauka, cha kwanza kukatwa ni zamu ya usiku. Mita unaiona kabisa imepunguza mwendo. Chukua alumini: kuzalisha kilo moja kutoka kwenye madini yake kunakula yuniti 14 hivi. Watu walipoacha kununua magari, General Motors na Chrysler zikaishia mahakamani kwa kushindwa kulipa madeni, na waliokuwa wakiziuzia chuma na alumini wakabaki bila soko, tanuri zikapoa. Huo mnyororo ndio uueleze kwa kirefu. Maduka na ofisi zilizofungwa, sentensi moja inatosha.

Ila jihadhari na hali ya hewa! Julai 2009 ilikuwa ya baridi isiyo ya kawaida katika majimbo ya kati, viyoyozi vikapumzika. Ukiubebesha mdororo mzigo wote utakosea. Kutenganisha sababu hizo mbili kwa hesabu si kazi ya kubahatisha, kwa hiyo mwone mwalimu wa takwimu kabla hujakusanya.