Mtafute Aliyekufa kwa Sheria Uliyoifuta

Riwaya yangu ya fantasia inatokea kwenye mlima unaofanana na huu tunaouona hapa Moshi mawingu yakifunguka. Watu wake wanaishi kwa mifongo, kama ile waliyochimba wazee wetu kuteremsha maji ya mlimani hadi vihambani, yaani kwenye mashamba yanayozunguka nyumba. Katika rasimu ya kwanza niliweka mwiko: jua likizama, mtu asichote maji mfongoni, kwa sababu Mwenye Maji hulala kinywa wazi na atakayemgusa humezwa.

Kufika rasimu ya tatu nikapata tukio nililolipenda mno. Binti anashuka mfongoni usiku, anazamisha kibuyu, mwezi unatetemeka majini, na kwa mara ya kwanza anasikia mlima ukimwita kwa jina. Nikalipachika sura ya nne. Basi nikaamua kuufuta mwiko: nikatafuta neno "mwiko" kwenye kompyuta, nikarekebisha kila lilipojitokeza, nikaamini kazi imekwisha.

Nakala nilimpelekea shangazi Marangu, imechapwa, maana kusoma kwenye simu kunamchosha macho. Wiki mbili baadaye alinirudishia ikiwa imekunjwa pembe ya ukurasa mmoja tu, wa sura ya tisa.

"Mwanangu, huyu mtoto wa homa amekufa wakisubiri kukuche ndipo wamletee maji. Na huyu binti kachota usiku, karudi mzima. Sasa mama wa mtoto tumwambie nini?"

Nilikosa la kusema. Neno "mwiko" halimo kabisa katika sura ya tisa. Mle kuna mama ameketi mlangoni, kibuyu kitupu mapajani, anausikiliza mfongo ukipita hatua ishirini kutoka kizingitini. Kompyuta isingenionyesha hilo.

Tangu siku hiyo daftari langu lina safu mbili. Kushoto naandika sheria. Kulia naandika watu walioamua jambo kwa sababu ya sheria hiyo: nani alikufa, nani aliposwa, nani alihama ukoo. Nikigusa ya kushoto, nasoma upya sura za wote walioko kulia. Kwa majina, umri na umbali wa safari, orodha ya kawaida inatosha.

Kama rasimu ya zamani imeshawafikia wasomaji, tazama alivyofanya J.R.R. Tolkien, mwandishi Mwingereza wa fantasia. Katika riwaya yake The Hobbit ya 1937, Gollum, kiumbe wa pangoni, anaahidi kumpa mhusika mkuu, Bilbo, pete akishindwa vitendawili, na asipoiona (Bilbo keshaiokota) anaomba radhi, kisha anamwonyesha njia ya kutokea. Pete ilipokuja kuwa kitu kinachomtawala mwenye nayo, upole huo haukuwezekana tena. Toleo la 1951 lilibadilisha sura hiyo, na riwaya iliyofuata, The Lord of the Rings, ikaeleza kwamba masimulizi ya kwanza ni uongo wa Bilbo, wa kutaka pete ionekane ni haki yake. Naipenda sana dawa hii, kwa kuwa uongo wenyewe unaonyesha pete ilikuwa imeshaanza kumwingia. Lakini mhusika asiye na sababu ya kudanganya usimtwishe kosa lako; wasomaji wataacha kukuamini hata pale usipokosea.

Mimi sikufuta usiku wa binti, wala kifo cha mtoto. Nimeandika sura mpya ambamo yule mama anamfuata binti hadi kihambani kwao. Hamuulizi habari za mlima. Anauliza tu, "Maji yalikuwa baridi?"

Nakala iko Marangu tangu Jumapili.