Hatimiliki Ilikuwa Safi, Jiko Likabomolewa

Juzi dada mmoja ameniandikia. Amependa nyumba Buruburu, Nairobi, juu ya gereji kumeongezwa vyumba viwili, wakili ameshathibitisha umiliki kwenye Ardhisasa, ule mfumo wa serikali wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni, na wiki hii anataka kulipa ile asilimia 10 ya kwanza ya bei. Nilimjibu: ngoja.

Mimi sikungoja. Nyumba yangu pia ni ya Buruburu, mtaa ulioanza kujengwa miaka ya 1970, na siku hizi ni nadra kukuta nyumba iliyobaki kama ilivyokabidhiwa. Yangu jiko lilikuwa limesogezwa hadi kwenye ukuta wa jirani. Dalali alisema "imekarabatiwa", nami nikaona vigae vipya na dari inayong'aa, nikajua watoto wamepata kwao. Ramani ya ile nyongeza, yaani mchoro wa ujenzi ulioidhinishwa na kaunti, sikuiulizia kabisa. Hatimiliki si ilikuwa safi? Lakini hatimiliki inakuambia ardhi ni ya nani tu. Kuhusu ukuta ulioongezwa haina habari.

Mvua za Aprili zilipoanza, maji taka yakarudi bafuni. Fundi alichimba akakuta chemba ya maji taka imezibwa na sakafu ya jiko letu. Jirani alilalamika, maafisa wa kaunti wakaja na notisi: onyesha ramani iliyoidhinishwa au bomoa. Nikawaambia si mimi niliyejenga. Wakasema notisi hupewa mwenye nyumba. Muuzaji hakupokea simu zangu tena. Jiko likabomolewa, mke wangu akapika verandani miezi minne, na mpaka leo nikipita pale roho inaniuma.

Kwa hiyo jamani, iteni ramani kabla ya pesa. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka idhini ya kaunti kabla ya ujenzi, basi karatasi lazima iwepo. Ishike mkononi, ingia nayo ndani, hesabu chumba kwa chumba, mlango kwa mlango. Kilichopo kwenye nyumba na hakipo kwenye ramani, muuzaji akieleze kwa maandishi. Kama kuna ghorofa iliyoongezwa, lipa mhandisi wako mwenyewe, si wa dalali, aipime. Na usione haya kuuliza! Haya ndiyo iliyoniponza.

Wewe dada, ukiambiwa ramani zilipotea, mwambie muuzaji aende City Hall, kwenye ofisi za kaunti ya Nairobi, akatafute nakala. Pesa zako zikae benki mpaka arudi nayo.